Drafti ya NFL si bahati nasibu

Bwana Mhariri,

Nilifurahi kusoma makala yenu kuhusu drafti ya futiboli ya Kimarekani, yaani zoezi ambalo timu za ligi ya NFL huchagua kwa zamu wachezaji vijana, kwa kuwa hapa Lubumbashi ni nadra gazeti kuzungumzia mpira usiokuwa wa Mazembe na Lupopo. Hata hivyo naomba nafasi nisahihishe jambo moja. Mwandishi wenu alisema kwamba timu huchezeshwa bahati nasibu ili ijulikane ipi itatangulia kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Huo ni utaratibu wa mpira wa kikapu, yaani NBA. Katika NFL zamu hupangwa kwa matokeo ya uwanjani.

Timu ziko 32. Zile 18 zilizokosa kuingia mtoano huchagua kwanza, ikianza iliyofanya vibaya kuliko zote, kisha hufuata 14 zilizobaki kulingana na hatua ambayo kila moja ilitolewa, bingwa akingoja mpaka mwisho. Kuna raundi 7, zinazofanyika kwa siku 3 mwezi Aprili. Aliyeleta wazo hilo ni Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia, na drafti ya kwanza ilifanyika mwaka 1936, kwa sababu timu zenye fedha zilikuwa zikijichukulia vijana hodari wote. Sisi tunaofuatilia Linafoot, ligi yetu ya Kongo, hatuhitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, na ambalo ndilo humchanganya shabiki mgeni, ni kwamba zamu yenyewe ni mali ambayo timu inaweza kuitoa. Mwaka 2023 timu ya Carolina, wakitaka kuchagua wa kwanza, waliwapa timu ya Chicago mchezaji D.J. Moore pamoja na zamu kadhaa, ikiwemo ya raundi ya kwanza ya mwaka 2024. Msimu uliofuata Carolina walishinda michezo 2 tu kati ya 17, wakashika mkia, na zamu ya kwanza waliyoistahili kwa kushindwa kwao ikawa tayari iko mikononi mwa Chicago, ambao waliitumia kumchagua kijana Caleb Williams. Nadhani hakuna shabiki aliyeteseka kama wa Carolina mwaka huo, maana hata faraja ya aliyeshika mkia aliikosa. Kwa hiyo anayetaka kuifuatilia drafti asitazame msimamo wa ligi peke yake, bali aulize kwanza kila zamu ni ya nani.

Mwisho, mwandishi alimtaja Mkongomani mwenzetu Dikembe Mutombo, aliyechaguliwa wa 4 na Denver katika drafti ya NBA ya mwaka 1991, na alifanya vema. Lakini kama makala ilihusu futiboli, Mkongomani wa kutajwa alikuwepo: Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye mwaka 1996 alichaguliwa wa 8, tena na Carolina haohao. Ningeshukuru kama toleo lijalo lingemtaja.

Wenu katika kusoma,
Msomaji wa komini ya Katuba, Lubumbashi