Ndege ya Afrika Mashariki iliyobaki Newquay, na chumvi ya Mtwara

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuyakumbuke makumbusho ya ndege yaliyofungwa mwaka 2022 huko Newquay, katika jimbo la Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Msomaji wa Mtwara ana haki ya kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ndege kubwa kuliko zote iliyosimama pale ilikuwa ya kwetu: Super VC10, jeti ya abiria ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, usajili 5Y-ADA. Wana Lindi wamekwisha kuzoea habari za namna hii, maana mjusi wao wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, yuko Berlin tangu enzi za Mjerumani.

Shirika lile lilianza mwaka 1946 likiwa na Dragon Rapide sita, ndege za mbao na kitambaa. Watu wa kusini walilijua zaidi kwa Dakota zake, ndege za propela za injini mbili, zilizotua Lindi, Mtwara na Nachingwea. Kati ya 1966 na 1970 likanunua Super VC10 tano, usajili ukagawanywa kwa nchi tatu: 5X za Uganda, 5Y ya Kenya, 5H za Tanzania. Zetu zilikuwa 5H-MMT na 5H-MOG. Moja ya Uganda, 5X-UVA, iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikiwa katika mbio za kuruka, wakafa watu 43. Tairi la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani na ndege ndogo, likapasuka. Rubani alipofunga breki, breki hazikushika sawasawa kwa sababu kifaa kimoja cha mfumo wake kilikuwa kimefungwa vibaya.

VC10, ambayo Super ni toleo lake refu, ilichorwa kwa ajili ya viwanja kama vya kwetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi yenye joto huinyima injini nguvu na bawa uwezo wa kubeba. Wahandisi wa Vickers, kampuni iliyoiunda, wakaziweka injini zote nne za Rolls-Royce Conway mkiani, ili bawa zima libaki huru kwa vibao vya kuongeza uwezo wa kupaa. Ndege ikaruka mapema na kutua taratibu, ingawa ilikunywa mafuta kuliko Boeing 707, na hilo ndilo lililoinyima wanunuzi. Zilijengwa 54 tu. Ya 54, ya mwisho kabisa, ni 5H-MOG ya Tanzania.

Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kujaza mafuta ndege nyingine angani. Super VC10 za Afrika Mashariki zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele, na mlango huo ndio uliopitisha matangi matano yaliyofungwa ndani palipokuwa na viti. Zilizotoka mashirika mengine bila mlango huo zilibidi zipasuliwe mgongo. Zikatumika hadi Septemba 2013. Safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani, tarehe 25 Septemba 2013, iliruka ile iliyokuwa 5H-MMT. 5H-MOG ilitua Dunsfold siku moja kabla, ikahifadhiwa huko. 5Y-ADA ilikuwa imekwisha kutua Newquay mwezi Agosti.

Pale Newquay mtu aliiona VC10, BAC One-Eleven ya abiria, na ndege za kivita Hunter na Harrier kwa siku moja. Hayo ndiyo makumbusho tunayoyalilia. Hayakufungwa na kutu, ingawa uwanja ule uko kwenye upepo wa Atlantiki. Yalifungwa kwa sababu eneo lilikuwa la kupanga na mkataba ukafika mwisho. Makumbusho yakifungwa, Hunter hufunguliwa mabawa ikapanda lori. Super VC10 ina urefu wa zaidi ya mita 52, na mabawa yake hayakutengenezwa ili yafunguliwe na kufungwa tena kama ya ndege ya kivita. Kuirusha haiwezekani tena. Kinachofuata kwa ndege za ukubwa huo mara nyingi ni msumeno: kichwa hukatwa na kupelekwa kwingine, kiwiliwili kikauzwa kwa kilo. Ndiyo maana katika makumbusho huonekana vichwa vya ndege kubwa bila ndege zenyewe.

Tunaandika haya kwa kuwa tungependa kusini ipate ndege yake ya kumbukumbu, na tunataka ipatikane kwa akili. Tusitamani VC10. Ndege inayotufaa ni Dakota, ndiyo iliyotuhudumia. Ina upana wa mita 29 bawa hadi bawa, urefu chini ya mita 20, na ikiwa tupu uzito wake hauzidi sana tani 8. Mabawa yake ya nje hufunguka kwa mamia ya boliti ndogo zilizopangwa kuzunguka kiungio, kazi ndefu lakini ya spana za kawaida. Kipande cha katikati chenye injini mbili hubaki na kiwiliwili, na kutoka gurudumu hadi gurudumu ni zaidi ya mita 5, kwa hiyo barabara itafungwa wakati wa kuipitisha. Hilo lipangwe kabla ya kununua.

Halafu kuna suala la mahali. Shangani ya Mtwara au Kikwetu ya Lindi pangependeza kwa picha, lakini sisi tungeiweka Nachingwea, mbali na bahari. Aluminiamu ya ndege si ile ya sufuria. Imechanganywa na shaba, kama asilimia 4, ili iwe ngumu, na shaba hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iliwe haraka na chumvi. Kiwandani bati hufunikwa pande zote mbili kwa ngozi nyembamba sana ya aluminiamu safi, na ngozi hiyo ndiyo kinga. Anayekuja na msasa au brashi ya waya ili ndege ing'ae siku ya ufunguzi anaivua kinga yake. Steelwool ni mbaya zaidi: huacha chembe za chuma ambazo baada ya mvua moja huanza kuotesha kutu na kulitoboa bati chini yake.

Kutu ya aluminiamu haina wekundu. Ni unga mweupe. Ikiwa chini ya rangi, rangi huvimba kwa vistari vyembamba kuanzia kwenye vichwa vya ribiti. Ikiwa kwenye mihimili minene ya bawa, chuma hufunguka tabaka kwa tabaka na kunenepa, na kipande kilichofika hapo hakiponi kwa rangi. Penye boliti ya chuma ndani ya aluminiamu bila kupakwa kizuizi, maji ya chumvi yakiingia, aluminiamu ndiyo inayoliwa na boliti hubaki salama.

Ikilazimu ikae pwani, iwe chini ya paa. Ghala la korosho halifai hata liwe kubwa namna gani kama lina nguzo katikati, maana bawa linataka nafasi ya mita 32 bila nguzo, kina cha mita 22 na kimo cha mita 6. Kuta si lazima upande wa bara, lakini upande wa bahari ni lazima. Wengi hudhani msimu wa mvua ndio hatari. Kwa kutu, kusi ndiyo mbaya: upepo unaleta chumvi miezi kadhaa na hakuna mvua ya kuiosha. Hata mvua zikija, kuanzia Desemba hadi Aprili, huosha mgongo tu. Tumbo, chini ya mabawa na mashimo ya magurudumu hubaki na chumvi ile ile, tena sasa ikiwa na unyevu.

Kwa hiyo iogeshwe kila baada ya wiki mbili wakati wa kusi, kuanzia chini. Kwa ndoo, sponji na sabuni laini, lita 1,000 zinatosha Dakota moja. Maji yawe ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha karibu na pwani yaonjwe kwanza, maana mengi ni ya magadi. Jiki isikaribie. Mashine ya kupuliza maji kwa nguvu nayo hapana, kwa sababu husukuma maji ndani ya maungio ambako hayatoki. Ikikauka, ndani ya maungio ipuliziwe dawa ya nta ya kuzuia kutu, irudiwe kila mwaka kabla ya kusi.

Matundu ya kutolea maji ndiyo roho ya kazi yote. Yako chini ya kiwiliwili na chini ya kila chumba cha bawa. Nyigu huyaziba kwa udongo, na popo wakiingia, kinyesi chao huoza bati. Yazibuliwe kila mwezi kwa kijiti cha plastiki, si kwa msumari. Dakota husimama ikiinamia mkia, hivyo maji yote yaliyoingia huteremka nyuma na kukusanyika karibu na gurudumu la mkia. Fundi anayetaka kujua ndege imetunzwaje aanzie hapo na tochi.

Kuna sehemu ambazo hazina bati kabisa: usukani wa wima mkiani, vibao vya mlalo vya mkiani na vile vya ncha za mabawa vinavyoilaza ndege upande. Hivyo ni fremu zilizovikwa kitambaa, na jua la kusini hukimaliza haraka. Vifungwe kwa vibano visipigwepige na upepo, vifunikwe kwa kitambaa cheupe. Maturubai ya plastiki hapana. Hukamata unyevu na kuupika.

Injini nazo. Dakota ina Twin Wasp mbili, kila moja na silinda 14 katika safu mbili za saba, na plagi 28. Kabla ya kulaza injini, kila silinda hupuliziwa oili ya kuhifadhi kupitia tundu la plagi, kisha zinafungwa plagi za plastiki zenye chembe za kunyonya unyevu. Chembe za buluu zikigeuka waridi zimeshiba, zibadilishwe. Baada ya hapo propela isizungushwe tena, hata na mgeni rasmi, kwa kuwa pistoni itaifuta oili ukutani. Na kama siku moja injini itawashwa, oili itakuwa imeteremkia silinda za chini. Izungushwe kwanza kwa mkono, polepole. Ikigoma, zitolewe plagi za chini oili imwagike. Anayelazimisha anapinda fimbo ya pistoni. Anayeirudisha kinyumenyume anaisukuma oili kwenye bomba la hewa, ambako itamsubiri injini ikishawaka.

Saa za zamani za vipimo za chumba cha rubani zenye namba zilizowaka gizani nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Vioo vyake visifunguliwe, na zilizovunjika zisiguswe na watoto. Mitungi ya oksijeni na ya kuzimia moto itolewe kabla ya mgeni wa kwanza.

Yote haya hayatasaidia kama karatasi ni mbovu, na hapo ndipo Newquay inapotufundisha. Anayeleta ndege aonyeshe hati ya umiliki, si barua ya ahadi. Ikiwa imeazimwa, mkataba useme inaazimwa hadi lini na nani atalipa gharama ya kuihamisha. Fedha za kuihamisha ziwekwe akaunti ya peke yake tangu siku ya kwanza, zisiguswe kwa mishahara wala chai. Ardhi iwe ya makumbusho kwa hati, kwa sababu kiwanja cha ndege hupanuka, na kikipanuka kinachoondolewa kwanza ni kile kisichoingiza mapato. Tayari kusini tuliwahi kuwa na reli kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa.

Wakati hayo yakisubiri, liko linalowezekana wiki hii. Kuna nyumba Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea zenye tiketi, ratiba, picha na vitabu vya ufundi vya shirika lile. Visipelekwe kupigwa plastiki ya moto, maana haitoki tena. Viwekwe kwenye bahasha ya karatasi, mbali na ukuta unaolowa, na nakala zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nyuma ya kila picha iandikwe kwa penseli mahali, mwaka na, kama inasomeka ubavuni mwa ndege, namba ya usajili, kwa kuwa bila namba hiyo hakuna anayeweza kusema ni Dakota ipi au ni Super VC10 ipi kati ya zile tano.

Mafundi wastaafu wa ndege,
Mtwara