Kabla hujaja Mwanza na hiyo kamera

Mshikaji wangu, mwangaluka!

Nimefurahi kusikia hatimaye umenunua kamera, ila hiyo ya kusema unakuja Mwanza kupiga mandhari tupu bila watu imenichekesha mpaka nikaona nikuandikie kirefu badala ya kukutumia voisi. Aisee huku mandhari bila watu utayatafuta sana. Ukielekeza lenzi ziwani kuna mtumbwi, ukigeukia mlimani kuna nyumba imekaa juu ya jiwe na nguo zimeanikwa, na mi naona hizo nguo ndo picha yenyewe.

Najua umekesha na zile picha za Ansel Adams, yule mpiga picha wa Marekani, milima ya Marekani nyeusi na nyeupe, hata unyayo hakuna. Nzuri sikatai, na kazi zilifanya, zilitumika kuwashawishi wakubwa wa kule mpaka Kings Canyon ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1940. Lakini ziwa letu Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800 na nchi tatu zinakula humo humo, sasa ukiwatoa wanaokula unabaki unapiga maji, na maji hata kwenye beseni yapo.

Jiwe la Bismarck, lile maarufu la pale ziwani, lipige siku ya kwanza liishe. Liko pale karibu na kivuko cha Kamanga, kila mtu analo kwenye simu, na wewe utakuwa nalo, hongera. Baada ya hapo twende mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki.

Na mwaloni usije tu siku yoyote, angalia mwezi kwanza. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai za mafuta, siku hizi wengi wana taa za sola na betri, ile taa inavuta wadudu na dagaa wanapanda juu, halafu wavu unawazunguka. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mtu haina ujanja, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi wengi wanavuta mitumbwi nchi kavu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba matobo, wanabishana mpira. Yaani ufukwe ni ule ule ila una maisha mawili, na mwezi ndo unaamua. We ukija siku nne ukapiga ukaondoka utapata nusu ya stori na hutajua kama ni nusu.

Mi ningekushauri uanze na giza. Usiku tunapanda juu ya mawe, taa zinajipanga mbali kule utadhani kuna mji ng'ambo. Tripodi lazima, lakini usiache shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi muda mrefu sana kama wanavyofundisha kwenye video, maana mitumbwi inacheza na mawimbi, taa zote zinakuwa michirizi, bora upandishe ISO kidogo, kamera ione kwenye mwanga mdogo, uvumilie chenga kwenye picha. Asubuhi ndo mali inashuka, kina mama wanaanika, wengine kwenye chanja wengine chini kwenye mchanga, na jua likiwa bado liko chini linawapiga dagaa kwa ubavu wanang'aa kama fedha. Likishapanda, kwisha habari, kila kitu kijivu. Na ukumbuke huku jua linachelewa kama nusu saa hivi kuliko huko Dar, usije ukaniamsha saa kumi bure.

Ila kamera iache kwenye begi kwanza. Salimia, kaa, nunua hata dagaa wa mia tano, uliza upepo wa leo unatokea wapi. Hilo swali la upepo usilidharau, ukimuuliza mzee mmoja wanajibu wanne. Asubuhi ziwa mara nyingi limetulia, mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na maji yanachafuka, wao hayo wanayaona kwa rangi ya maji tu, na ukishaanza kuyaona na wewe utajua usimame wapi kabla mwanga haujafika. Mtu akikataa kupigwa picha basi, usilete ubishi wala usimvizie kwa lenzi ndefu, hiyo tabia siipendi kabisa.

Kisiwa cha Saanane tutaenda pia, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013 na kwa boti ni dakika chache tu. Kuna pimbi wanaota jua kwenye mawe, na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, dume akiwa bado na baridi rangi imefifia, jua likimpata ndo anajionyesha. Hapo ndo utapata mandhari yako bila watu, mradi ukate Mwanza nzima iliyoko nyuma hahaha.

Kingine, mi nina picha za ufukwe mmoja nilizopiga 2020 ule mwaka maji yalipopanda sana. Nataka tusimame pale pale nilipokuwa nimesimama, we upige, tuziweke pamoja tuone maji yameacha nini. Kama hiyo sehemu haijajengwa lakini, maana hapa watu wanajenga kila kukicha.

Basi niambie tarehe mapema nikaongee na mwenye mtumbwi, na life jaketi nitatafuta mi mwenyewe, bila hiyo hupandi. Njoo na betri ya ziada na koti, usiku juu ya mawe kuna baridi. Msalimie shemeji, mwambie sato wa kupeleka atapata ila wa kukaanga ni yeye.