Wachoraji, hesabuni mashimo ya bao

Mhariri,

Picha za wazee wakicheza bao ndani ya nyumba zinapendeza, na ni vizuri kuziona kwenye kuta za hoteli na ofisi za Mbeya na Iringa. Huku nyanda za juu mvua humfungia mtu ndani, bao likahamia sebuleni. Kinachosikitisha ni kuona limechorwa bao lisilochezeka.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64. Safu mbili ni za kila mchezaji, kwa hiyo watu hukaa kwenye pande ndefu za ubao, wakitazamana. Nyumba, ambayo mara nyingi huchongwa ya mraba, ni shimo la tano kutoka kushoto kwa mwenyewe, safu ya mbele. Kwa kuwa kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake, nyumba mbili hazikabiliani. Zimepishana kwa shimo moja. Wengi huzichora uso kwa uso.

Kosa baya zaidi ni lundo la kete "zilizoliwa" kando ya goti la mshindi. Kwenye bao, kete ulizokula unazigawa moja moja upande wako, zinaendelea kucheza. Zilizo nje ya ubao ni zile tu ambazo hazijaingia. Mwanzoni kila mtu ana sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwa nyumba, na 22 za akiba. Kila zamu ya kunamua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete za akiba, inaingia moja, hivyo akiba za wawili hulingana au huzidiana kwa kete moja. Ukichora akiba zimeisha, zote 64 ziwe ubaoni, isipokuwa zilizo mkononi mwa anayecheza. Anayenunua picha naye ahesabu kabla ya kulipa.

Mwanga wa sebuleni huingia kwa dirisha au mlango mmoja. Ukitoka kushoto, ukuta wa kushoto wa shimo unakuwa gizani na wa kulia unang'aa. Kete ni kinyume chake, kwa sababu imevimba: kushoto inang'aa, kulia giza. Ukivipa vyote kivuli cha upande mmoja, shimo linaonekana kama kitufe kilichobandikwa.

Wanaotumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama alivyofanya Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, waanze na ubao, kisha giza la mashimo, kete ziwe za mwisho. Juni na Julai baridi yetu huchelewesha rangi kukauka. Gusa pembeni kwa kidole, ikinata, subiri. Kete ikiwekwa juu ya rangi mbichi inavuta weusi wa shimo, na mng'ao wake hufifia; hapo acha rangi ikauke kabisa, kisha urudie kete juu yake.

Mpenzi wa bao,
Mbeya