Heri ya Pasaka kutoka Warsaw, na salamu za pekee kwa mafundi viatu

Wapendwa wangu wote wa Moshi, Dar, Mombasa na nyie mliotawanyika huku Ulaya, Kristo amefufuka, heri ya Pasaka jamani! Na ndugu zangu Waislamu salamu zenu ziko palepale, pilau la Jumapili mnajua kwa jirani halikosi.

Huku Warsaw, mji mkuu wa Polandi, baridi bado ipo ipo ila watu wamechangamka. Jumamosi Kuu mji mzima unabeba vikapu vidogo kwenda kanisani vikabarikiwe, ukichungulia ndani unakuta mayai yaliyopakwa rangi, mkate, chumvi, soseji, kipande cha mzizi fulani ambao ukiutafuna unapanda puani kuliko pilipili kichaa, halafu katikati kuna mwanakondoo wa siagi na kibendera chake chekundu. Padri anapita na brashi kubwa ya maji ya baraka, hakuonei huruma, miwani yote inalowa. Wenzao wa Vilnius kule Lithuania Jumapili ya Matawi hawashiki makuti kama sisi, wanashika vijiti vilivyozungushiwa maua makavu ya rangi rangi, vizuri mno.

Sasa mimi mwaka huu akili yangu imeganda kwenye Alhamisi Kuu, ile ya mwaka 1794, iliyoangukia tarehe 17 Aprili. Wakati huo Polandi na Lithuania ilikuwa dola moja, wamekaa pamoja zaidi ya miaka 200, lakini majirani walishaanza kuimega kama mkate, 1772 Urusi, Prussia (dola ya Wajerumani) na Austria, halafu 1793 Urusi na Prussia wakarudi tena kuongeza. Kilichobaki kilikuwa na mfalme, ndiyo, ila wa jina tu, mwenye kauli alikuwa jenerali wa Kirusi anaitwa Igelström, kajikalia zake mtaa wa Miodowa katikati ya Warsaw. Kule Kraków jenerali wa Kipolandi Tadeusz Kościuszko alishakula kiapo hadharani tarehe 24 Machi kwamba vita imeanza, na tarehe 4 Aprili pale Racławice wakulima wenye mafyekeo yaliyonyooshwa kama mikuki wakaivamia mizinga ya Warusi wakaiteka. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Wojciech Bartosz, aliuwahi utambi wa mzinga akauzima kwa kofia yake. Kofia!

Habari zilipofika Warsaw uvumi ukazagaa kwamba Jumamosi Kuu watu wakiwa kwenye ibada Warusi watayazingira makanisa na kuwanyang'anya silaha askari wa Kipolandi, basi wenye mji wakaona heri wawahi. Alfajiri ya Alhamisi risasi zikaanza. Jeshi la Warusi mjini lilikuwa karibu mara mbili ya lile la Wapolandi, kilichogeuza mambo ni raia, na mbele ya raia alikuwepo Jan Kiliński, fundi viatu. Si jenerali, si mtoto wa lodi, ni fundi wa viatu, tena viatu vya mabibi wa mjini, mwenye karakana yake na kiti kwenye baraza la mji, pamoja na yule mchinja nyama Józef Sierakowski na mafundi wengine wa vyama vyao. Wakapigana mtaa kwa mtaa siku mbili, Ijumaa Kuu Igelström akakimbilia kwa Waprussia, Pasaka ikaingia Warsaw iko mikononi mwa wenyewe. Vilnius nao hawakukaa, usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili mhandisi mmoja wa jeshi ambaye pia alikuwa mshairi, Jakub Jasiński, akauchukua mji na askari wachache mno, na kamanda wa Warusi akakamatwa.

Ndiyo maana salamu zangu za Pasaka hii naanza na baba mdogo wangu fundi viatu pale Moshi. Baba mdogo shikamoo, wewe na misumari yako mdomoni mko kwenye historia.

Tusipambe lakini. Ile Alhamisi Kuu ilikuwa Alhamisi Kuu kwa Waorthodoksi pia, Pasaka za kalenda mbili ziliangukia siku moja mwaka ule, na wapo askari wa Kirusi waliokutwa kanisani kwenye komunyo bila silaha wakauawa humohumo. Waliokufa upande wao walizidi 2,000. Warusi hawakusahau, tarehe 4 Novemba mwaka huohuo jeshi la jenerali wao Suvorov lilipoingia Praga, upande wa Warsaw ulio ng'ambo ya mto Vistula, likachinja raia kwa maelfu, wanawake na watoto humo humo, Jasiński naye akafia pale. Kościuszko tayari alishakamatwa Oktoba huko Maciejowice. Mwaka 1795 wale watatu wakagawana vilivyobaki, na nchi ikafutika kwenye ramani miaka 123, mpaka 1918.

Mimi nikisoma maasi yao yote naona shida ni moja inajirudia, nayo haikuwa ushujaa, ushujaa walikuwa nao wa kumwaga. Shida ilikuwa makabaila. Mkulima wa kule alikuwa mtu wa bwana, anapiga shokoa, yaani kazi ya lazima bila malipo, shambani kwa bwana siku kadhaa kila wiki na kuhama haruhusiwi, sasa unamwambia njoo ufe kwa ajili ya uhuru, uhuru wa nani? Kościuszko alilijua hilo, tarehe 7 Mei 1794 akatoa tangazo pale Połaniec la kuwapa wakulima uhuru wao na kupunguza shokoa, mabwana wengi wakalikalia. 1830 vijana wa chuo cha jeshi wakaanzisha tena, usiku wa tarehe 29 Novemba, bunge likajadili habari ya wakulima weee mpaka vita ikaisha hakuna kilichoamuliwa. 1863 wakajifunza, siku ileile ya kwanza, 22 Januari, wakatangaza ardhi ni ya mkulima, lakini mwaka uliofuata mfalme wa Urusi naye akatoa ardhi kwa jina lake, akawapiku. Na huyu Kościuszko ndiye aliyeacha wosia wa 1798 kwamba mali yake ya Marekani iwanunulie Waafrika waliokuwa watumwa uhuru na kuwasomesha, msimamizi akiwa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ambaye hakuutekeleza. Haya mengine nakaa kimya, ni sikukuu.

Lithuania baada ya 1863 waliumia kivyao. Padri Antanas Mackevičius, aliyewakusanya wakulima wakamfuata msituni, alinyongwa Kaunas Desemba mwaka uleule, halafu serikali ya Urusi ikapiga marufuku vitabu vya Kilithuania kwa herufi za Kilatini mpaka 1904. Kwa hiyo karibu miaka 40 kitabu cha sala cha mama wa kijijini kilikuwa magendo, kimechapwa Prussia na kuvushwa mpakani usiku mgongoni kwa mtu ambaye akikamatwa ni Siberia. Fikiria unaenda misa ya Pasaka na magendo kwapani!

Fundi wetu Kiliński yeye ana sanamu mtaa wa Podwale, kanyanyua upanga juu. Mwaka 1942, Wajerumani wakiwa wameikalia Warsaw, kijana wa skauti wa siri, Aleksy Dawidowski, aling'oa bango lao kwenye sanamu ya Copernicus, yule mtaalamu wa nyota wa zamani, Wajerumani kwa hasira wakaiondoa sanamu ya Kiliński na kuificha jumba la makumbusho. Siku chache tu ukutani pale makumbusho pakaandikwa kwa rangi, watu wa Warsaw, mimi niko hapa, Jan Kiliński. Na likabandikwa tangazo kwa jina la Copernicus kwamba kulipiza sanamu ya Kiliński anaamuru majira ya baridi yaongezwe wiki sita. Hahaha, na baridi mwaka ule kweli ilichelewa kuisha.

Ila mwaka uliofuata haichekeshi. Tarehe 19 Aprili 1943, Jumatatu ya Wiki Takatifu na mkesha wa Pasaka ya Wayahudi, Wayahudi waliobaki ndani ya geto la Warsaw, ule mtaa Wajerumani waliowafungia, waliwapiga risasi Wajerumani waliokuja kuwamaliza, kiongozi wao Mordechaj Anielewicz alikuwa na miaka 24. Jumapili ya Pasaka watu walienda kanisani huku moshi wa geto unaonekana juu ya paa. Siku hizi kila tarehe 19 Aprili watu hapa wanabandika kifuani ua la njano la karatasi, ukiliona kwenye picha yangu ujue ni hilo.

Wa Arusha, mkipita Tengeru yale makaburi ya Wapolandi, ni wa hawahawa, Stalin, mtawala wa Usovieti, aliwahamisha makwao kwa nguvu 1940 na 1941 wakaishia kwenu, mkiweza wawekeeni ua na mniambie nitume picha huku, wapo watakaofurahi.

Basi kuleni vizuri, mayai msimalize yote, na mimi niombeeni Jumatatu manake huku Jumatatu ya Pasaka ni ruksa kumwagiana maji barabarani na watoto wa jirani ghorofa ya pili tayari nimewaona na ndoo.