Wiki moja Berlin peke yako: tunavyompangia msafiri wa kutoka Lindi

Wateja wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa Lindi kuulizia safari ya Ujerumani huja na orodha tayari. Siku mbili Berlin, halafu Paris, halafu Amsterdam, na muda ukibaki, Hamburg kumsalimia ndugu. Yote hayo ndani ya wiki moja, na mtu yuko peke yake. Hamu hiyo tunaielewa. Umehangaikia viza, umelipa nauli kubwa, unaona vibaya kurudi hujaiona Ulaya. Hata hivyo ushauri wetu ni uleule kwa kila anayeuliza: wiki moja ni ya mji mmoja, na kwa mtu wa Lindi mji huo uwe Berlin.

Kwa nini Berlin? Kwa sababu mjusi wetu, yaani mifupa ya dinosaria mkubwa aliyechimbwa Lindi, yuko huko. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alionyeshwa mifupa mikubwa ikiwa imejitokeza juu ya ardhi pale Tendaguru, bara kidogo kutoka Lindi mjini. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta wataalamu wake, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiwa wa mwanzo, lakini kazi ya kuchimba, kufunga na kubeba ilifanywa na watu wa huku. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na kwa ujuzi wake wa kutambua na kutoa mfupa bila kuuvunja anastahili kutajwa kabla ya hao maprofesa. Wapagazi walibeba mizigo kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Wanetu wanasikia habari za mjusi huyu, Bungeni ameulizwa zaidi ya mara moja, lakini waliosimama chini ya shingo yake ni wachache. Msafiri anayetoka Lindi akafika Berlin akarudi hajamwona, kwetu sisi amepoteza nauli.

Kwa hiyo tunapopanga wiki, tunaanzia kwa mjusi, kisha mengine tunayapanga kumzunguka.

Hesabu ya siku ilivyo kweli

Siku saba za kwenye karatasi hazifiki saba. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450 kwa barabara, na hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja kutoka Dar hadi Berlin. Utabadilisha Addis Ababa, Istanbul, Doha au kwingineko, na utafika umechoka, macho mekundu. Siku ya kutua usiipangie kitu zaidi ya kufika hotelini, kuoga, kula na kulala. Sisi hupenda mteja atue Jumamosi na kuondoka Jumamosi inayofuata. Hapo anapata siku sita kamili za kutembea, na katika hizo moja tunaiacha wazi kwa makusudi. Mvua ikinyesha siku nzima, miguu ikivimba, au ukipenda kurudi mahali ulikopita haraka, una siku ya kufanya hivyo.

Kanuni yetu ya pili ni jambo moja kubwa kwa siku, lifanyike asubuhi, na mchana uchague kitu kilicho karibu na hapo au kwenye njia ileile ya treni. Berlin ni mji mpana sana. Ukitoka mashariki kwenda magharibi kisha urudi mashariki, saa mbili zimekwisha ukiwa kwenye viti vya treni.

Na kuna jambo la mwanga, ambalo sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili kwa kumi na mbili hatulifikirii. Mwezi wa Desemba, Berlin jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwezi wa Juni huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Kwa Mwislamu maana yake ni kwamba Desemba Adhuhuri na Alasiri zimefuatana mno, na Juni Isha inasogea hadi karibu na usiku wa manane. Pakua ratiba ya swala ya Berlin kwenye simu kabla hujaondoka. Tukiulizwa mwezi, tunataja Mei, Juni au Septemba: mwanga upo na baridi haiumizi.

Siku zenyewe

Jumapili maduka mengi hufungwa Ujerumani nzima, kwa hiyo si siku ya kununua zawadi. Ni siku nzuri ya kutembea. Panda basi namba 100 kutoka kituo cha Zoologischer Garten. Ni basi la kawaida la nauli ya kawaida, nalo hupita sehemu nyingi ambazo mabasi ya watalii hutoza pesa nyingi kuzionyesha. Shuka jengo la Bunge, Reichstag. Kupanda kwenye kuba lake la kioo ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge, na mlangoni utaonyesha pasipoti. Kazi hiyo ya kujiandikisha ifanye ukiwa bado Lindi. Kutoka hapo unatembea kwa miguu hadi lango la Brandenburg, kisha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, yenye nguzo za zege 2,711. Ingia katikati yake taratibu, na usipande juu yake kupiga picha.

Bado uko karibu, nenda barabara ya Wilhelmstraße. Kwenye namba 92 kuna bango la kumbukumbu ambalo wageni wengi hulipita bila kugeuza shingo. Mahali hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa Berlin, kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, Ulaya ilipokaa kuwekeana taratibu za kuigawana Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Siku moja baada ya mkutano kufungwa, Mjerumani Carl Peters alipata hati ya ulinzi ya Kaizari wao kwa ardhi alizodai huku kwetu. Jengo la zamani halipo tena. Simama tu hapo dakika kumi.

Jumatatu makumbusho mengi hayafunguliwi, na wageni wengi hukwama mlangoni siku hiyo. Wewe nenda Bernauer Straße, kwenye kumbukumbu ya ukuta wa Berlin. Sehemu ya wazi iko huru kila siku, hakuna kiingilio. Ukuta ulianza kujengwa Agosti 13, 1961 na kufunguliwa Novemba 9, 1989, na pale utaona jinsi ulivyopita katikati ya mtaa, nyumba upande mmoja, ndugu upande wa pili. Barabara ya Brunnenstraße inakatiza hapo. Ifuate kuelekea kusini hadi namba 193, utazame chini kwenye kijia cha waenda kwa miguu: kuna kibao kidogo cha shaba cha Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili chuoni, na akafa mwaka 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Tunawaomba wateja wetu wamsomee dua au sala, kila mtu kwa dini yake.

Jumanne ndiyo siku ya mjusi. Makumbusho inaitwa Museum für Naturkunde, na kituo cha treni ya chini ya ardhi kimepewa jina lake, Naturkundemuseum, njia ya U6. Fika mapema, milango inapofunguliwa asubuhi, kabla ya makundi ya wanafunzi. Kata tiketi kwa intaneti na uhakikishe saa za kufungua wiki hiyo. Ukumbi wa kwanza tu, yuko mbele yako: mita 13.27 kwenda juu, mifupa mirefu kuliko mingine yote ya dinosaria iliyosimamishwa katika makumbusho duniani. Alisimamishwa mwaka 1937 na kupangwa upya mwaka 2007. Mifupa yake haikutoka kwa mnyama mmoja, na kichwa kilicho juu ni nakala, maana cha asili hakifai kuwekwa juu kule. Wanasayansi wanakadiria aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Usiishie kwake. Pembeni yake kuna wenzake wa Tendaguru: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus. Soma kila kibao, tafuta jina la Lindi, piga picha. Tunashauri saa tatu nzima hapo, na kama una mtoto anayesoma nyumbani, mpigie simu ya video ukiwa ndani ya ukumbi, ukizingatia kwamba sisi tuko mbele kwa saa moja kipindi chao cha joto na saa mbili kipindi cha baridi.

Ukitoka, rudi kituo kilekile cha U6, upande treni ya kaskazini na ushuke Rehberge. Umefika mtaa wanaouita wa Kiafrika. Barabara zake zimepewa majina ya sehemu za Afrika tangu enzi za ukoloni: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Kwa miaka mingi mojawapo iliitwa Petersallee, jina iliyopewa mwaka 1939 kwa heshima ya huyohuyo Carl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 2024 jina hilo liliondolewa. Kipande kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Mtu wa Kusini, ambaye babu zake walihesabiwa miongoni mwa waliopigana vita ile kuanzia 1905, akisimama chini ya kibao hicho hahitaji mwongozaji wa kumweleza.

Jumatano tunaipeleka kisiwa cha makumbusho, katikati ya mji. Chagua jengo moja, si manne. Pergamon limefungwa kwa ukarabati mkubwa tangu 2023, usilipangie. Neues Museum ndiko kwenye sanamu ya kichwa cha Nefertiti wa Misri. Ng'ambo ya barabara kuna Humboldt Forum, yenye mikusanyo kutoka Afrika. Hiyo hufungwa Jumanne, si Jumatatu.

Alhamisi ni ile siku ya wazi. Anayetaka anaweza kwenda Potsdam kwa treni ya mji, kwenye bustani na kasri la Sanssouci. Anayetaka kulala, alale.

Ijumaa, kwa wateja wetu Waislamu, swala iko msikiti wa Şehitlik, Columbiadamm, mtaa wa Neukölln. Ni msikiti mkubwa wa Waturuki wenye minara miwili. Baada ya swala kula kuku au nyama halali ni rahisi kuliko sehemu yoyote ya mji, hasa kando ya Sonnenallee. Mwendo mfupi kutoka msikitini kuna Lucy-Lameck-Straße, barabara iliyopewa mwaka 2021 jina la mama yetu Lucy Lameck, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia serikalini Tanzania. Zamani ilibeba jina la Wissmann, yule aliyeongoza majeshi ya Wajerumani kuivamia pwani yetu. Jioni kaa Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani uliogeuzwa bustani mwaka 2010. Wenyeji hukaa kwenye majani hadi giza, familia kwa familia, na aliye peke yake haonekani mgeni.

Kuwa peke yako

Anayesafiri peke yake hana wa kumshikia begi wala wa kumuuliza kama kituo kimepita. Kwa hiyo tunamtafutia chumba karibu na kituo cha treni, mtaa wa Wedding au Neukölln, ambako bei ni nafuu kidogo na chakula kinafanana na cha kwetu. Nakala ya pasipoti iwe kwenye simu na nyingine kwa ndugu Lindi. Kila usiku tuma ujumbe nyumbani kusema umelala wapi na kesho unakwenda wapi.

Tiketi za treni usizichukulie kawaida. Vituo havina mageti, na mgeni anaweza kudhani ni bure. Wakaguzi wapo, wengine wamevaa nguo za kiraia, na faini ni euro 60. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Nauli hugawanywa kwa kanda tatu, A, B na C; uwanja wa ndege uko ukanda C, hivyo siku ya kufika na ya kuondoka nunua tiketi ya ABC. Ndani ya mji AB inatosha, na ipo ya siku saba. Na saa zao zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane: tiketi iliyoandikwa 10:00 ni saa nne asubuhi. Sisi huandika saa zote mbili, ya Kiswahili na ya kwao, kwenye karatasi anayoondoka nayo mteja.

Karatasi

Ubalozi wa Ujerumani uko Dar es Salaam, na kama hujawahi kuchukuliwa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, lazima uende mwenyewe. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe na kurasa mbili wazi na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Utahitaji taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na kwa mkulima wa korosho au ufuta, stakabadhi za mauzo kupitia chama chake cha msingi husaidia kuonyesha kipato. Mpango wa siku kwa siku kama huu tunauambatanisha, na lazima ulingane na hoteli uliyoweka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anayetaka kusafiri Septemba na aje ofisini Aprili au Mei na pasipoti yake, tuanze na tarehe ya miadi.