Mshauri aliyepitia maumivu asibaguliwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nasikia watu wanasema mshauri nasaha aliyewahi kuumwa sonona hafai, eti atamsaidiaje mwingine wakati mwenyewe yalimshinda, jamani hilo si kweli kabisa. Mwangalieni Marsha Linehan wa Marekani, mwaka 1961 akiwa na miaka 17 alilazwa hospitali ya akili kule Hartford, akakaa miaka miwili na ushee, muda mwingine anafungiwa chumba cha peke yake, halafu huyo huyo akaja kuwa profesa wa saikolojia na kubuni tiba ya watu wanaotaka kujiua. Mwaka 2011 akayasema yote hadharani, tena palepale alipolazwa.

Mimi nilifiwa na mtoto. Mshauri wa kwanza alinipa maneno mazuri ya darasani, yakapita tu. Wa pili alikuwa mama mmoja, nilipomwambia bado nafua nguo za mwanangu kila Jumamosi hakushtuka, aliweka peni chini akaniuliza, "Unazianika wapi?" Nililia siku ile kuliko msibani. Baadaye sana ndo akanidokeza kwamba na yeye alizika, sentensi moja tu, akarudi kwangu.

Ila awe ameshatibiwa kwanza na awe na msimamizi, maana kidonda kibichi kitamfanya ajililie yeye badala ya kukusikiliza. Vyuo viwape wanafunzi wa kazi hii nafasi ya kutibiwa wao wenyewe, bila kuwahesabu kama wana kasoro.

Msomaji wako, Morogoro.