Malalamiko: kunyimwa huduma ya haraka baada ya kofia ya jino kung'oka

Meneja,
Kliniki ya Meno,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mgonjwa wenu. Mwaka jana mlinitibu gego la chini, upande wa kushoto: mkaua mzizi, mkauziba, kisha mkalivisha jino kofia. Nililipa taslimu, na stakabadhi mliyonipa imeandikwa dhamana ya mwaka mmoja. Kofia imetoka ndani ya muda huo nikiwa natafuna chapati, tena chapati laini. Haikuvunjika wala kupasuka. Ilichomoka nzima kama subana kidoleni, saruji yote imebaki ndani yake. Kilichoachia ni ugandishaji wenu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kliniki, kofia nimeiosha na kuitia kwenye kichupa safi. Dada wa mapokezi aliniuliza swali moja tu: "Linauma?" Nikasema haliumi. Akasema basi hiyo si dharura, ni mambo ya urembo, nafasi ipo wiki mbili mbele. Niliomba nimwone daktari japo kwa dakika chache, akanionyesha benchi lililojaa watu. Baadaye nilipopiga simu, aliyepokea akanishauri niibandike mwenyewe kwa supagluu. Supagluu, Ndugu Meneja, ile ile ya soli za viatu.

Lakini swali la maumivu ndilo lililoniudhi zaidi. Mshipa wa fahamu wa jino lile mliutoa nyinyi wenyewe. Lingeuma kwa kitu gani? Jino la namna hiyo linaweza kupasuka hadi mzizini na mwenyewe asisikie kitu. Ndiyo maana huvishwa kofia: limetobolewa katikati, limechongwa pande zote, na likiachwa tupu halihimili kutafuna. Faili langu lilikuwa humo humo mapokezi. Angelifungua angeyaona hayo kabla sijakaa.

Tena kofia ikikaa nje, mdomo hauisubiri. Meno ya jirani huanza kuegemea pengo, ufizi hupanda juu ya kisiki, na kofia iliyokuwa ikikaa sawasawa hukataa kuingia. Ikiwahiwa, kazi ni ndogo: kukwangua saruji ya zamani, kupiga eksirei kuona kama kuna uozo, kupima meno yanavyoumana, kuigandisha. Haya nilielezwa na daktari wenu mwenyewe siku niliyofanikiwa kumwona, kisha akaongeza kwamba mimi sasa nimechelewa. Ukuta mmoja wa kisiki umekatika. Inabidi iwekwe nguzo ndani ya mzizi na itengenezwe kofia mpya, kwa bei kamili. Nilipotaja dhamana nikajibiwa kwamba haimhusu mgonjwa aliyechelewa kurudi.

Nani alichelewa? Daftari la mapokezi lina jina langu na tarehe niliyofika.

Hata kama kweli daktari hakuwa na nafasi, yapo mambo ya kumwambia mgonjwa ambayo hayagharimu kitu: asitafunie upande ule, na asilale na kofia imeegeshwa tu mdomoni, kwani inaweza kuingia njia ya hewa. Hayo niliambiwa na mfamasia wa mtaani kwangu, ambaye hajapata hata shilingi moja kutokana na jino hili.

Nadai nguzo na kofia mpya kwa gharama zenu. Nadai pia nakala ya faili langu pamoja na picha za eksirei, ili nikiamua kutibiwa kwingine nisianze upya. Vilevile nielezwe kwa maandishi ni nani hapo kwenu mwenye mamlaka ya kuamua ipi ni dharura na ipi siyo. Zikipita siku 14 bila majibu, suala la dhamana nitalifikisha Tume ya Ushindani (FCC), na la mgonjwa kurudishwa bila kuonwa na daktari nitalipeleka Baraza la Madaktari Tanganyika. Nimeambatanisha nakala za stakabadhi na kadi ya miadi. Kofia yenyewe nabaki nayo.

Kisiki bado kiko wazi, kwa hiyo miadi naitaka wiki hii, hata kabla hamjakubaliana nani analipa. Simu napokea baada ya saa kumi jioni. Kabla ya hapo huwa kazini.

Wenu,

Mgonjwa
(Saini, jina na namba ya faili viko kwenye kiambatanisho.)